Usimpe Mtume Mabati Yako

Nyangoto, Tarime
Jumatano, baada ya mvua ndogo

Mdogo wangu Bhoke,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitamka, maana najua utaitamka ukiuona tu mwandiko huu mbaya. Marahaba. Magoti yako yanasemaje? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakinywesha majani yale machungu na kukionea huruma? Yule ng'ombe mwenye pembe moja bado anachagua watu wa kuwapiga? Mimi ni mzima, ila jino la mbele limeniaga nikiwa nakula mahindi ya kuchoma. Sasa nikicheka, wachimbaji wanasema mzee ana duara mdomoni. Duara ndilo shimo la dhahabu huku. Nawajibu kwamba hata hili langu halijatoa kitu.

Maneno uliyomtuma Mzee Salehe, yule muuza vitenge wa Mugumu, yamenifikia. Alikuja Tarime kufuata mzigo, akapita huku, akakaa juu ya ndoo yangu akanisimulia. Nilimwomba arudie, nikidhani uzee umeniingia masikioni. Akarudia vilevile. Kwamba mwanao Chacha amekuomba uezue nyumba yako hapo Machochwe umpe mabati yote, ayalete huku aezekee nyumba yake. Kwamba lori linakuja Jumamosi. Na kwamba wewe umekubali, kwa sababu Mtume Yeremia amefundisha kuwa Mkristo wa kweli huenenda kwa imani na wala hategemei macho. Lakini kabla ya Jumamosi umeomba kaka yako akuambie anaona nini huku.

Hapo nikacheka mpaka Salehe akaona duara lote. Mtu anayeenenda bila macho ametuma mtu aulize kunaonekanaje. Basi umebakiwa na akili kidogo, dada, na hiyo kidogo ndiyo ninayoiandikia. Usiguse hata msumari mmoja mpaka umalize kusoma.

Ningepiga simu, lakini simu unayotumia ni ya mzee wa kanisa Nyamhanga, na yule akipokea huweka sauti ya juu hadi mbuzi wanasimama kusikiliza. Salehe ni Mwislamu, hana hamu na mitume wetu. Ameahidi kuifikisha barua bila kuifungua.

Sasa nikuambie hiyo nyumba ya Chacha.

Najua umeambiwa ina vyumba vinne na sebule. Ni kweli, ukihesabu kuta. Huku wanaiita tegesha. Watu wakisikia kwamba mgodi mkubwa utapanua eneo lake, wanaukimbilia ule mteremko unaosemekana utachukuliwa, wanapandisha nyumba upesi upesi, ili wathamini wa serikali wakija waikute, waiandike, na mwenyewe alipwe fidia ahame mahali ambapo hajawahi kukaa. Inategwa kama mtego wa kanga. Haijengwi ili mtu alale ndani. Msingi hakuna, tofali ni mbichi, mlango ni kipande cha turubai. Mbuzi alijikuna kwenye ukuta wa jirani wa Chacha, ukuta ukalala chini. Aliyeshtuka zaidi ni mbuzi.

Na kazi yangu mimi, ambayo nimekuficha kwa sababu ungeniwekea siku ya kufunga na kuomba, ni kuishi. Usishangae. Mawe yalinishinda kubeba, nyonga ikagoma, basi wenye tegesha wakaniajiri kwa chakula na tumbaku niishi ndani ya nyumba zao. Asubuhi nawasha moto kwenye hii ili moshi utoke. Mchana naanika shati kwenye ile. Jioni nakohoa kwenye nyingine. Kuna nyumba mimi ni babu, kuna nyumba mimi ni mpangaji, na kuna moja ya mwanamke wa Sirari ambako mimi ni mume, ingawa mwenyewe amesema nisizidishe. Kwa hiyo ukitaka mtu wa kukuambia nyumba hizi zina nini ndani, umempata. Zina mimi.

Mtume Yeremia alikuta haya yote yapo, akayabatiza tu. Alikuja na turubai la bluu na spika mbili, akasimamisha kanisa katikati ya mteremko, nalo pia likiwa tegesha, lenye mimbari ya tofali mbichi. Kila Jumapili anawaambia vijana kwamba nyumba hizi ni imani iliyosimama, kwamba asiyejenga ana roho ya woga, na kwamba macho ni adui. Vijana wanalia. Wanatoka jasho la kubeba mawe wiki nzima, wanalia, kisha wanamchangia mafuta ya gari. Gari lake ni zuri. Halitembei kwa imani hata kidogo, linataka dizeli.

Siku moja alinikuta nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba ambayo zamu hiyo nilikuwa babu yake. Nikamuuliza, kwa adabu kabisa:

"Mtumishi, hizi nyumba ni uongo au si uongo?"

"Mzee Mwita, hizi ni mbegu."

"Mbegu ya nini?"

"Ya mambo ambayo jicho lako halijayaona."

"Na jicho la mthamini je, lenyewe litayaona?"

Akacheka kile kicheko chao, akaniwekea mkono kichwani bila kuombwa. "Shida yako, baba, unatembea kwa macho."

"Ni kweli," nikamwambia. "Na mteremko huu una mashimo, Mtumishi. Nimesaidia kuwazika waliotembea bila macho."

Akaondoa mkono. Jumapili iliyofuata nilikuwa ndani ya mahubiri, sikutajwa jina, lakini mzee mwenye roho ya Tomaso asiye na jino la mbele ni nani mwingine hapa?

Kisha akaniagiza nimpelekee mbuzi wa sadaka nyumbani kwake Tarime mjini. Nadhani alitaka kuninyenyekesha. Nikaenda. Bhoke, nyumba ile ina msingi wa mawe unaonifika kiunoni, ina nondo, ina geti la chuma. Palikuwa na fundi anapiga lipu ukuta wa uani. Nikamuuliza, "Fundi, mtume alikuambia ujenge kwa imani?"

Fundi akasema, "Aliniambia nikipunja saruji ananifukuza."

Nikamfunga mbuzi, nikarudi zangu Nyangoto, moyo umetulia kabisa.

Sasa nikueleze siku ya wathamini, maana hapo ndipo ombi la mabati yako lilipozaliwa. Walikuja asubuhi, kijana wa kiume na binti mmoja mwenye buti na kofia. Mtume alikuwa amewapanga watu wote mbele ya nyumba zao kama siku ya picha shuleni. Chacha aliniweka mimi kwenye yake, niwe babu wa ukoo, na akaazima watoto wa jirani wakae chini wachezee mchanga. Yule binti akanisogelea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Mnaishi hapa tangu lini?"

"Ah, tangu zamani. Baba yao alizaliwa hapa." Nikamwonyesha mtoto mmoja, akalia.

"Familia ni ya watu wangapi?"

"Kumi na wawili, na wageni hawakomi."

Akatazama huku, akatazama kule, akazunguka nyumba yote, akarudi. Sura yake haikuwa na ubaya wowote. "Babu, choo kiko wapi?"

Dada, nikatazama mteremko mzima, nyumba zimejaa hadi kwenye mawe ya juu, kanisa katikati. Hakuna choo. Hata kimoja. Watu wale waliombea nyumba, wakafunga kwa ajili ya nyumba, wakakesha, na hakuna hata mmoja kwenye imani yake yote aliyefikiri kwamba anayekaa ndani ya nyumba itafika saa atatoka nje. Chacha alikuwa ananikazia macho nitoe jibu. Nikamwambia binti:

"Hapa tunakwenda kwa imani."

Alijitahidi asicheke. Yule mwenzake hakujitahidi. Wakaandika kitu, wakaenda nyumba ya pili, wakauliza lilelile, na ya tatu, kisha wakaacha kuuliza wakawa wanatazama tu nyuma ya nyumba na kupita.

Walipoondoka, mtume akasimama kwenye tofali akasema adui ameonyesha mbinu yake, basi kila mtu achimbe choo. Wakachimba. Mteremko mzima majembe na sururu. Sasa wewe fikiria, hii ni Nyangoto. Mtu akionekana anachimba kwa haraka, wengine hawamuulizi. Vijana waliokuwa wanapita barabarani wakaona watu wote wa mteremko wako mashimoni, wakapiga simu. Mpaka jua linageuka, wageni wamefika na mataa yao ya kichwani na mifuko, wanagombea viwanja vya vyoo. Wawili walipigana kwa sababu ya shimo ambalo mama mmoja alikuwa analichimba ajisitiri. Kuna kijana aliosha udongo wa choo cha Chacha, akausogeza puani akasema una dalili. Na mtume, badala ya kuona haya, akasema mnaona sasa, dhahabu imefunuliwa kwa watiifu. Mpaka leo vyoo vile hakuna aliyevitumia. Vimekuwa virefu mno, vinaogopesha.

Basi ofisi ya kijiji ikatangaza: nyumba za mteremko ule hazihesabiwi, na mstari wa mgodi wenyewe utapita ng'ambo ya kijito, mbali na sisi. Jambo likaisha. Mtu mwenye macho angechukua turubai lake akaenda. Lakini mtume alisema tangazo ni la macho. Yeye ameonyeshwa kwamba wathamini watarudi, na watazikubali nyumba zenye paa tu, kwa sababu nyumba isiyofunikwa ni imani isiyofunikwa. Kila mtu aezeke.

Na vijana hawa watoe wapi mabati? Kwa mama zao.

Ndiyo hiyo habari yenyewe, Bhoke. Usidhani ni Chacha peke yake. Malori yanakuja kutoka vijijini, kutoka Kisaka na kwingineko, yamebeba mabati ya zamani. Nayatambua yakishushwa, maana upande wa chini yana masizi ya jiko. Juu ya nyumba ambazo hakuna anayepika kuna masizi ya miaka ya mtu aliyepika. Mimi nimezoea kudharau vitu vingi, lakini hilo lilinizuia kula.

Kuna mama mmoja wa Kisaka alikuja juu ya lori pamoja na mabati yake, sijui kwa kukosa pa kubaki. Mwanawe ameezeka, na yeye anakaa humo ndani, kwenye tofali mbichi, amekunja miguu. Ndiye mkaaji wa kweli pekee mteremkoni, amenipokonya kazi kwenye nyumba hiyo. Juzi mvua ilipopiga nilikwenda kujikinga kwake. Ukuta ulikuwa unamomonyoka polepole, unateremka kama uji. Nikamuuliza, "Mama, kule nyumbani Kisaka nani anakaa sasa?"

Akasema, "Mvua."

Akanisogezea kigoda.

Nikatoka hapo moja kwa moja kwa Chacha. Nilimkuta anaosha miguu. Usimfikirie vibaya, kijana wako hana uovu, ana ujinga tu, na ujinga ule ameupata kanisani akiwa amevaa shati safi. Nikamwambia, "Mura, kijana wangu, mama yako atalala wapi?"

"Kwa bibi Ghati. Ni muda mfupi, mjomba."

"Muda mfupi mpaka lini?"

"Mpaka wathamini warudi."

"Na wasiporudi?"

"Mjomba, unataka nife maskini?"

"Nataka mama yako asilowe."

"Mungu atamfunika."

"Amekwisha kumfunika," nikasema. "Kwa mabati hayohayo unayotaka kuyang'oa."

Akasema maneno aliyofundishwa, kwamba mimi ni mtu wa mwilini. Nikamwambia mwili huu ndio unaonyeshewa na mvua, roho haijawahi kupata nimonia. Tukaachana hivyo.

Sasa wewe. Najua utakachosema: kaka hana dini, kaka aliishia darasa la nne na kipaimara hakukifikia, kaka akiingia kanisani ni kwa sababu kuna msiba na kuna wali. Yote kweli. Kwa hiyo usinisikilize kama mtu wa dini. Nisikilize kama mtu aliyekutazama.

Wewe unalima ulezi pembeni kabisa mwa hifadhi. Tembo wanakuja wanakula. Mwaka unaofuata unapanda palepale. Mimi nakuita kichaa, unajibu kwamba Bwana atatazama. Na nakukumbuka vizuri ukiwa unamwambia Bwana atazame, debe liko mkononi unalipiga, moto umewasha kwenye kona zote nne za shamba, sauti imekukauka kwa kuwafukuza. Hukufumba macho hata mara moja. Mabati hayo uliyapata hivyo, mavuno haya mabati mawili, mavuno yale hakuna, mavuno mengine matatu. Ulikuwa hujui kama utavuna na ukapanda. Kama hiyo ndiyo imani, basi unayo, na wala sikuchekei, au nakucheka kidogo tu. Lakini katika imani yako hiyo yote hakuna mahali ulipomdanganya mtu. Hukumwambia tembo shamba si lako. Hukumtegeshea Mungu chochote apite akithamini.

Ya Yeremia ni nyingine. Yake inataka wewe ufumbe macho na yeye abaki anatazama. Kama Mungu ndiye aliyewaahidi vijana hawa kitu, mbona kitu chenyewe hakipatikani mpaka binti wa serikali adanganywe kwanza? Muulize mzee Nyamhanga hilo swali mbele ya kusanyiko, unisalimie jibu lake.

Na kama ni kweli Bwana atawarudisha wathamini, ataweza kuwarudisha wewe ukiwa umelala ndani pakavu. Sioni kwa nini paa lako limzuie.

Sikuamrishi. Mume wako marehemu hakuweza kukuamrisha, mimi ni nani. Nyumba ni yako na mtoto ni wako. Lakini uliniuliza naona nini. Naona mteremko wa nyumba zisizo na watu, na upande wa pili, katika vijiji, naona watu wasio na nyumba. Hayo ndiyo niliyoyaona, na macho yangu, mabaya yalivyo, ndiyo niliyopewa.

Nisalimie mama mkubwa Ghati, mke mkubwa wa baba yetu, mwambie kijana wa mama yetu Wankuru bado hajafa, ingawa alitabiri atakufa. Msalimie Robhi binti yako wa mwisho, na mumewe mfuga ng'ombe asiyeongea, mwambie sikumsahau, nimekosa tu cha kusema naye. Msalimie Matiko, ndugu wa marehemu mume wako, anayegonga ile rimu ya gari kila Jumapili kuwaita watu. Mwambie mimi huku spika mbili zinaniita na bado siendi. Mzee Nyamhanga msalimie kwa sauti ya chini, ajue kwamba inawezekana.

Jambo la mwisho, nalo usimwambie mtu.

Nimemwambia Chacha nimetubu ukaidi wangu, na kwamba Jumamosi nitapanda naye kwenye lori tuje kumsaidia kupakia. Amefurahi sana, karibu anikumbatie. Mtume mwenyewe ameniombea safari. Nikifika nitaomba ngazi, nitasema mzee ataanza kung'oa misumari ya juu. Nyonga itapiga kelele lakini nitapanda. Nikishakaa vizuri katikati ya paa sitang'oa kitu, na sitashuka. Kijana wako hawezi kumvuta mjomba wake mbele ya majirani, hilo mtume bado hajamfundisha.

Kama umeamua kumpa mabati, simama chini uniite jina, nitashuka bila neno. Kama hujaamua kumpa, nikishapanda tu iondoe ngazi uingie nayo ndani. Mimi siwezi tena kuruka, na mvua ni ya majira haya. Ngazi utanirudishia lori likiondoka.

Kaka yako,
Mwita